Ndugu Dishon, Fungua Barua Pepe Yako

Benchi letu ni taruma la zamani, gogo la kulazia reli, limelazwa juu ya mawe mawili kando ya ukuta wa ukumbi wa Kaloleni. Nimekuwa nikiuza kahawa ya tangawizi hapo tangu mume wangu alipopumzika kwa Bwana mwaka jana. Mimi huomba kwanza, kisha huwasha makaa, kisha wazee wangu hufika. Injinia alikuwa mtunza stoo wa reli na hajawahi kuunda hata kigoda. Yeye hukaa kushoto. Katibu, karani mstaafu wa jiji, hukaa katikati ili asikike pande zote. Bundles, fundi wa simu, hakai kabisa. Huegemea ukuta akila mandazi ya wenzake. Asubuhi hiyo niliwamiminia, nikawaeleza shida yangu, nikijua nitapata majibu mengi kuliko vikombe nilivyonavyo.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mume wangu, Dishon Luseno, alikuwa mwalimu wa kwaya, na alikuwa na websaiti inayoitwa Sauti Nne. Humo alijirekodi akiimba nyimbo za ibada, kila sauti peke yake, ili waimbaji waliohamia Njiru na Dandora wajifunze wakiwa nyumbani. Besi aliimba vizuri sana. Soprano aliimba kama mbuzi aliyefungiwa zizini, na bado akaitia humo. Sasa jina hilo la Sauti Nne hulipiwa kila mwaka kwa kampuni moja ya mjini inayosajili majina ya intaneti, na muda wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Likipotea jina, anayeitafuta ile sauti haipati tena. Binti yetu Millicent alitaka tulihamishie kwa kampuni nyingine, ile iliyomsajilia jina la biashara yake ya keki, maana huko amehudumiwa vizuri. Lakini kuhama kunataka namba ya siri, na namba hiyo hutumwa kwa barua pepe ya mwenye jina tu. Mwenye jina ni Dishon. Neno la kufungulia barua pepe yake alikwenda nalo, na simu yake ilipotea katika umati siku ya mazishi.

— Mama Millie, hiyo ni rahisi, Injinia akasema. Kuhamisha jina ni kama kuhamisha behewa. Unalifungua kwa injini hii, unalifunga kwa injini ile.

— Wewe ulishawahi kufungua behewa? Katibu akamuuliza.

— Niliona wakifungua.

— Uliona kutoka stoo?

— Stoo ilikuwa na dirisha, bwana.

Katibu akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue ni hotuba.

— Sikilizeni. Hii ni kama kuhama kanisa. Huwezi kuingia kanisa jipya Jumapili ukasema, nimekuja, nipeni kiti. Watataka barua ya mchungaji wako wa zamani, kwamba huyu ni muumini wetu, hatuna neno naye, tunamwachilia aende. Basi hiyo namba ya siri ndiyo barua ya mchungaji.

— Katibu, hapo umegonga ndipo, Bundles akasema mdomo ukiwa umejaa. Jina huwa limefungwa kufuli. Kampuni ya zamani inafungua kufuli, inakupa namba, unapeleka kwa kampuni mpya, kwisha. Mimi mwenyewe nimehamishia wateja wawili.

— Majina yalifika?

— Moja lilifika.

— Na la pili?

— Manze, la pili hata mwenyewe alinihama.

Wakacheka. Nikamwongezea Bundles kahawa, maana alikuwa amesema ukweli, na ukweli wake ni wa nadra.

— Lakini mbona tuhamie kampuni ya hapa? Injinia akasema. Chagua ya ng'ambo. Wale wana mitambo mikubwa.

— Buda, wacha! Bundles akasema. Wa ng'ambo wanakupa mwaka wa kwanza karibu bure, wa pili unalia. Na ukikwama unaongea na roboti.

— Mimi nachagua kampuni yenye ngazi, Katibu akasema.

— Ngazi ya nini?

— Ngazi ninayoweza kuipanda nikiwa na hasira.

Nikawaambia kwamba hii ya zamani ina ngazi, iko ghorofani mjini, na Millicent alikuwa ameshaiandikia mara tatu. Alisaini kwa jina la baba yake, akidhani mwenye jina atasikizwa upesi. Nikampa Bundles simu yangu, asome majibu waliyomrudishia Millicent, naye akanitumia. Akasoma kwa sauti.

— "Ndugu Dishon, asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali fungua barua pepe yako, tumekutumia maelekezo."

Injinia alivua kofia.

— Na mara ya pili? Katibu akauliza polepole.

— Vilevile. "Ndugu Dishon, tafadhali fungua barua pepe yako." Ya tatu pia.

— Marehemu afungue barua pepe! Katibu akasema.

Sikuwaambia kwamba nilikuwa nikiyasoma majibu hayo jioni, baada ya sala. Estate nzima ilikuwa imeshazoea kusema marehemu. Huko ghorofani kulikuwa na mtu mmoja anayesema Ndugu Dishon, kama unavyomwambia mtu aliyechelewa tu.

Injinia akarudisha kofia kichwani.

— Nimepata. Tuwapigie simu kama yeye. Tuwaimbie besi yake. Watajua ni mwenyewe.

— Nani ataimba?

— Katibu ana kifua.

Katibu akajaribu. Aliteremka noti mbili, ya tatu ikamkamata kooni, akakohoa mpaka Bundles akampiga mgongo.

— Hiyo besi inataka dawa, Bundles akasema.

Lakini Injinia alikuwa bado hajamaliza. Macho yalikuwa yanamng'aa.

— Mama Millie, Millicent si amejifungua?

— Mwezi jana. Mungu ni mwema.

— Kijana?

— Kijana.

— Na mlimwita nani?

— Dishon Luseno. Kwetu magharibi jina la babu haliachwi chini.

Injinia akajipiga paja.

— Basi mwenye jina yupo! Yuko nyumbani ananyonya! Tunahangaika nini?

— Na wakitaka kitambulisho chake? Katibu akauliza.

— Wangoje akue.

— Mpaka afike miaka kumi na minane? Jina linaisha Ijumaa, Injinia!

— Tunamfungulia barua pepe yake, Bundles akasema. Picha tunaweka ya mtoto, tunawaambia mzee amenyoa ndevu.

Wakati huo lori lilikuwa limesimama nyuma ya ukumbi, limebeba kitanda, kabati na magodoro. Mwanamke mmoja alishuka, akaja kwangu na chupa ya chai. Alisema anaitwa Ndinda, amehama kutoka Njiru asubuhi hiyo, na anataka kahawa ya vijana wanaomshushia vitu.

— Huyu amehama leo, Bundles akasema. Muulizeni yeye mambo ya kuhama!

Nikaanza kuijaza chupa yake. Ni chupa kubwa, na mimi humimina taratibu, kwa hiyo Ndinda akasikia yote, behewa, barua ya mchungaji, besi, na mtoto aliyenyoa ndevu. Hakucheka. Akaniangalia.

— Mama, pole kwa msiba. Naomba niulize kitu. Hao watu wa kampuni, kuna mtu amewaambia kwamba mzee alifariki?

Injinia akamtazama Katibu. Katibu akatazama ndani ya kikombe chake. Bundles aliacha kutafuna. Mimi niliangalia makaa. Nilikuwa nimewaambia ndugu, kanisa, chifu na kila jirani. Hao wa ghorofani sikuwa nimewaambia, wala Millicent hakuwaambia.

— Namba ya simu ya kampuni iko wapi? nikauliza.

— Iko hapa chini ya ujumbe, Bundles akasema kwa aibu. Imekuwa hapa muda wote.

Akapiga, akaweka spika. Sauti ya msichana ikajibu.

— Habari ya asubuhi, unaongea na Kezia, nikusaidie aje?

— Njema, mwanangu. Mimi ni mke wa Dishon Luseno, wa Sauti Nne.

— Ndiyo, mama.

— Dishon alifariki.

Neno lilitoka polepole, na baada ya kutoka nilikuwa bado nimesimama.

— Pole sana, mama. Mimi ndiye nimekuwa nikimjibu. Nilikuwa nashangaa kwa nini hafungui barua pepe.

— Angekuwapo angefungua. Alikuwa mtu wa kujibu watu.

— Naelewa. Sasa, mama, usiogope Ijumaa. Hata muda ukiisha kuna siku za kungoja kabla jina halijaachiliwa. Nitumie picha ya cheti cha kifo na ya kitambulisho chako. Tutabadilisha mwenye jina, kisha utalipia mwaka. Baadaye ukitaka kuhamia kampuni nyingine, namba ya siri itakuja kwako wewe. Hatutakuzuia.

— Muulize kama wana ofa, Bundles akanong'ona. Katibu akamkanyaga mguu.

— Kwa hiyo tumwandike nani kuwa mwenye jina?

— Mtoto! Injinia akanong'ona. Sema mtoto!

— Andika Triza Nangila, nikasema.

Tulipomaliza nilimshukuru Kezia, nikamwombea baraka, nikakata simu. Katibu alikuwa ananikazia macho.

— Triza Nangila ndiye nani?

— Ni mimi.

— Mwaka mzima ninakunywa kahawa yako, na sikujua?

— Hukuniuliza.

Katibu alininyooshea kikombe. Nikainamisha birika, likatoa tone moja. Kahawa yote ilikuwa imeingia kwenye chupa ya Ndinda.

— Kahawa inaenda kule kwenye lori, nikawaambia. Na kuna kitanda cha kubebwa.

Wakaondoka wote watatu nyuma ya Ndinda. Injinia alikuwa tayari anaeleza jinsi kitanda kinavyopitishwa mlangoni, na Bundles akimuuliza kama hilo nalo aliliona kutoka stoo.

Nikakaa kwenye taruma. Nikafungua Sauti Nne kwenye simu, nikachagua soprano, ile ya mbuzi. Nilicheka, kisha nikafuta macho. Ubeti wa kwanza nilimwachia Dishon peke yake. Wa pili nikaingia na alto.