Koti la Mvua Ukumbini

Jalo Hietanen, mwamuzi wa mechi ya hoki ya barafu ya siku ile, alipanda tramu ya jiji la Tampere, Finland, akiwa ameivuta kofia hadi kwenye nyusi. Mbele yake walikaa jamaa mwenye ndevu na skafu ya timu, na mama mmoja mtu mzima aliyevaa koti la mvua. Nje theluji ilikuwa kavu kama unga.

"Mama, leo hakuna mvua," jamaa alisema, akifungua kopo la bia.

"Ipo ukumbini. Nakaa chini yenu nyie walevi, pale wanapopita waamuzi."

"Sisi hatulewi, mama. Tunachangamka."

"Mlivyochangamka Jumamosi, nimerudi nyumbani nanuka kama baa. Mume wangu kaninunia, eti nimeenda kunywa bila yeye."

Jalo alifarijika. Tangu aanze kupuliza filimbi alikuwa hajawahi kusikia shabiki akimtetea dhidi ya warusha bia.

"Samahani basi. Ile bia niliyorusha ilikuwa ya mwamuzi."

"Najua ilikuwa ya nani, ndiyo maana nimeudhika. Mtu anapita hapo puani pako na bado unamkosa. Unalewa kabla ya kazi, mwanangu."

"Alikuwa anakimbia."

"Basi si ulenge mbele yake?"

Jamaa alilitazama kopo lake, akaliweka chini polepole. "Leo nitakunywa baadaye," alisema kwa adabu.

Tramu ikasimama mbele ya ukumbi. Jalo akamwinamia yule mama.

"Samahani, mama. Koti hili umelinunua wapi?"