Manyoya na Mbwa Aliyebaki Bandani

Ndugu, jamaa, majirani na wateja mliofika, wengine mkiwa mmeshika kamba za wanyama wenu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa tumbo moja, niwasomee safari ya kaka yetu, ambaye jina lake la cheti mnalijua wachache, na hata yeye mwenyewe aliliitikia kwa shida, kwa hiyo leo pia tutamwita Manyoya kama mlivyomzoea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa baba mpishi wa sabuni na mama mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1969 nyuma ya ukuta wa kiwanda hichohicho, akamaliza mwaka 1975, akasoma sekondari miaka miwili, kisha baba yetu alipoumia mgongo aliacha shule bila kunung'unika, akashika nafasi ya mzee tarehe 3 Januari 1978, katika chumba cha kukatia miche ya sabuni.

Tarehe 9 Mei 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona makoti ya kiwandani, shemeji yetu huyu hapa mbele, ambaye alimzungusha mwaka mzima kabla ya kumkubali, na wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye anafanya kazi katika duka la simu.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Juni 1998, wafanyakazi wakapewa sabuni badala ya haki zao, makatoni yakajaa chumbani hadi watoto wakalala juu yake, na wakati wenzake wakizunguka kuwauzia watu walewale sabuni ileile, yeye aliomba mbwa wa mlinzi wa jirani, mbwa aliyejaa kupe hadi ndani ya masikio, akamtoa kupe mmoja mmoja, akamwosha, akamrudisha aking'aa, na mlinzi akaanza kumkagua mkia kuhakikisha kuwa hajabadilishiwa. Watu walicheka, tusifichane, walisema shida zimempanda kichwani mtu mzima mpaka anaosha mbwa, lakini wiki iliyofuata mlinzi alikuja na mwenzake, na mwenzake alikuja na mbwa wawili.

Hakuweka kibao wala kugawa karatasi, bali kila mbwa aliyemwosha alimtembeza mwenyewe hadi kwao, tena kwa njia ndefu kuliko zote, akipita sokoni, mbele ya kinyozi na langoni mwa shule, na mteja mpya hakumpokea mpaka aletwe na mteja wa zamani, kwani alisema mtu aliyeletwa na mwenzake humwonea haya, hawezi kumtelekeza mnyama. Kwa mtindo huo banda moja likawa matatu, mbwa, paka, sungura na kasuku mmoja mwenye matusi wakawa wanalala kwake pindi wenyewe wanaposafiri, na watoto wakasoma.

Binti yake alimsihi miaka mingi afungue ukurasa kwenye mitandao ya kijamii, naye kila mara alimjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba wateja wake wote wamo kichwani, nacho kichwa hakiishiwi chaji.

Kichwa hicho ndicho kilichoguswa. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, akimkausha paka kwa taulo, alianguka kwa kiharusi, upande wa kulia ukalala, ulimi ukafungwa, akabakiwa na neno moja tu, kesho, ambalo kwalo aliomba maji, alikataa dawa na alitusalimu, huku daktari akituhakikishia kuwa anaelewa kila kitu, jambo ambalo lilituumiza zaidi.

Mabanda yalikuwa yamejaa, na hatukujua nani ni wa nani, hivyo shemeji alianza na kinyozi, kinyozi akamtaja mwalimu aliyempeleka, mwalimu akamtaja fundi bomba, mnyororo ukasogea pole pole, na jioni aliposhika mkono wa mumewe wodini alimwambia nani amerudi kwao, naye alifumba macho na kushusha pumzi. Mwisho akabaki mbwa mmoja, jike zee la kahawia lenye sikio lililochanika, lililoletwa Jumapili wakati nyumba nzima imetoka isipokuwa yeye, na kila mteja tuliyemuuliza alitikisa kichwa.

Kaka alijua. Alisema kesho, kesho, akichora shuka kwa mkono wa kushoto, tukampa kalamu ikatoa mistari tu, tukamtajia kila mtu tuliyemkumbuka, mpaka akalia, nasi tukaacha kutaja. Binti yake alisambaza picha ya mbwa kila mtandao anaoujua, watu wakaibonyeza mioyo na kupita. Alifariki juzi, Alhamisi, tarehe 24 Oktoba, saa kumi jioni, akiwa bado anatuuliza habari za mbwa huyo.

Jana dereva mstaafu, mteja wa siku nyingi aliyehamia kwa wanawe, alisafiri kuja msibani, akapitia kwa mama mmoja ambaye yeye dereva ndiye aliyempeleka kwa Manyoya zamani, ili waongozane, akamkuta binti wa mama huyo peke yake. Mama alilazwa ghafla ile Jumatatu, akafariki mwisho wa Septemba, na hadi siku ya mwisho aliulizia mbwa wake, akisema yuko kwa Manyoya, na wanawe walitafuta Manyoya kwenye simu, wakapata saluni za nywele, wakazizunguka zote. Wakaja pamoja, na binti huyo alipofungua banda, mbwa alimnusa mikono kwa muda mrefu, kisha akalala miguuni pake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani waliovumilia kubweka, mafundi na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na nyinyi wateja mliotafutana hadi mkachoka, maana sisi peke yetu tusingemrudisha hata sungura.

Pumzika kwa amani, kaka. Yule mbwa wamekuja kumchukua, na kwao wanakusalimu wote.