Bomba la Siti ya Marehemu

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, na ndani ya basi alitaka usingizi tu. Lakini kwenye kiti cha mbele yake mama mmoja alikuwa amepakata fremu ya baiskeli kuukuu, na abiria wa pembeni ya mama huyo, seremala, alishindwa kunyamaza.

"Dada, bomba la siti likishika kutu ndani ya fremu halivutwi. Linazungushwa."

"Nimezungusha, kaka. Nimemwagia mafuta, nimemwagia maji ya moto. Marehemu mume wangu alikuwa mrefu. Mimi nikipanda, miguu inaning'inia kama nguo kwenye kamba."

"Basi likate."

"Nikate alipokuwa anakaa mume wangu? Thubutu! Litashuka lenyewe. Hata yeye ukimsukuma alikuwa anagoma."

Seremala akasema marehemu ni marehemu, na kutu ni kutu.

Basi likasimama. Mama akainuka, fremu ikabaki: siti yake ilikuwa imenasa chini ya kiti kitupu cha mbele yake.

"Vuta!" akasema mama.

"Zungusha!" akasema seremala.

Muuguzi akajikuta naye ameshika fremu. Kitu kikaachia kwa kishindo. Wote watatu wakainama kutazama. Bomba lilikuwa palepale. Kilichong'oka ni kiti cha basi.

"Si unaona?" akasema seremala. "Ni kuzungusha tu."