Mfuko Chini ya Shati

Tulikuwa tumeshapita Makutano, tunaelekea Musoma, tumbo la mzee aliyekaa mbele yangu lilipolia mpaka konda akageuka. Mama aliyekaa naye akasogea dirishani.

"Samahani mama," mzee akasema, akigusa shati. "Huyu haombagi ruhusa. Nina mfuko wa choo. Walinipasua, wakatoa ncha ya utumbo hapa tumboni."

Nilidhani mama atahama kiti. Badala yake akamshika mkono. "Mungu wangu! Na unasafiri? Machage, mume wangu, amelazwa. Daktari anataka kumwekea kama huo, anakataa kusaini! Eti bora afe."

"Mwambie mimi nalimaga pamba Bunda. Utumbo wenyewe hauumi, ni mwekundu kama ndani ya mdomo. Mfuko ukijaa namwaga chooni, basi."

"Anaona kinyaa!"

"Anakulaga kichuri?"

"Sana!"

"Nyama anaikamulia maji ya tumbo la mbuzi, halafu kinyaa anaona kwa utumbo wake mwenyewe?"

Mama alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mimi niliacha kujifanya nasoma simu.

"Twende ukamwambie wewe baba, mimi hanisikii!"

"Nasubiriwa Iringo kwa wakwe."

"Wakwe watasubiri. Daktari hasubirigi!"

Gari likasimama karibu na hospitali. Mama akashuka bila kumwachia mkono. Mzee alikuwa bado anabisha, lakini nilipochungulia dirishani, alikuwa ameshaanza kuchomoa shati.