Arvo Lehtimäki, Aliyeita Kutoka Chini ya Jabali

Arvo Johannes Lehtimäki alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 mjini Kirkland Lake, Ontario, mtoto wa pili wa Toivo na Aune. Baba yake alikuwa mchimba dhahabu, na Arvo aliapa mapema kwamba yeye hatatia mguu shimoni. Mjini kwetu kiapo hicho watu hukicheka tu.

Alisoma hapo hapo mjini, kisha akasomea umeme na kompyuta katika chuo cha ufundi mjini North Bay. Alihitimu mwaka 1983 na kuajiriwa, wapi tena, mgodini. Fahari yake ilikuwa programu aliyoiandika mwenyewe: ukichomeka kompyuta kwenye mtandao, inauliza nani yupo na anatoa huduma gani. Seva na printa zinajibu, na majina yao yanajipanga kwenye skrini.

Tarehe 11 Februari 1998 alishuka mgodini na mwenzake wa kazi, Stefan Hrynchuk, kutengeneza kompyuta inayoendesha feni za hewa katika chumba cha hifadhi, pale wachimbaji wanapokimbilia hatari ikitokea. Jabali likaporomoka na kuziba mlango. Umeme ukakatika, simu ikafa, ukabaki mtandao na betri zake. Arvo alifungua laptop, akauliza nani yupo. Kimya. Akauliza tena na tena, orodha tupu, hewa inazidi kuwa nzito. Aliogopa, na hakuwahi kuona aibu kulisema hilo. Mwishowe likatokea jina moja: printa ya chumba cha kugawia taa za wachimbaji, kule juu.

"Printa!" Stefan alisema. "Itatusaidia nini, bwana? Ituchapie wosia?"

Arvo aliandika: TUKO HAI WAWILI, HIFADHI YA TATU. Akautuma ujumbe huo mara nyingi.

"Nani huyu analeta utani siku kama ya leo?" alifoka Huguette Brisebois, mgawa taa. Karatasi zikaendelea kutoka. Alizikwapua, akatimua mbio kwa waokoaji, waliokuwa wakichimba upande mwingine kabisa. Wawili hao walitolewa kesho yake jioni.

Arvo alimwoa Huguette tarehe 19 Juni 1999, wakajaliwa binti, Odile. Lakini sehemu yake moja ilibaki mle chumbani. Hakuvumilia mlango uliofungwa, hata wa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, hata Januari kwenye baridi kali. "Shemeji," Stefan alimlalamikia Huguette, "mumeo katujengea sauna au friji?" Tulicheka, naye alicheka, na mlango haukufungwa.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Kila pumzi ilipokuwa fupi, alidhani amerudi kule chini, na ilituuma sana kumwona hivyo. Alifariki nyumbani tarehe 2 Septemba 2024, Huguette akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mkewe Huguette, binti yake Odile, dada yake Kerttu, na Stefan, ambaye tunamhesabu ndugu.

Mlioulizia kaburi, halipo. Wiki zake za mwisho alituomba jambo moja tu: "Msinirudishe chini." Tumetii. Majivu yake tunayaachilia leo hapa ziwani, na upepo ni mzuri.

Pumzika kwa amani, Arvo. Umetoka.