Pua ya Ludde

Kwetu Borås, Uswidi, mbwa husafiri viti vya nyuma vya basi, na wasiowataka hukaa mbele. Mzee mmoja niliyepanda naye hakuwataka, ila alikaa nyuma ili apate cha kulalamikia.

"We mama, mbwa wako ananinusa tumbo!"

"Ludde, acha! Samahani, mzee wangu. Mimi alininusa kwapa wiki nzima, nikawa namfokea tu. Daktari akaja kukuta uvimbe palepale."

"Bahati tu hiyo. Huyu anasikia harufu ya samaki niliyemla asubuhi." Akajifunika tumbo kwa gazeti. Ludde akapenyeza pua chini ya gazeti, akalia kidogo. Mzee akauliza taratibu, "Na kwako alikuwa analia hivi?"

Basi likasimama kituoni kwangu. Siku zote huchelewa; leo likawahi, nikashuka bila kusikia jibu.