Mama Ndoo na Mipira Elfu Arobaini

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha mipira ya gofu kwa miaka thelathini na mmoja. Narudia, thelathini na mmoja. Amefariki Jumanne iliyopita akiwa na umri wa miaka sitini na nane, na atazikwa kesho. Kiwandani na mtaani kwake walimwita Mama Ndoo. Jina hilo alipewa kwa kejeli. Akalipokea, akalivaa kama nguo ya sikukuu, na waliomkejeli wakaishia kulitamka wakiwa wamevua kofia.

Najua kuna msikilizaji hapo anaguna. Gofu? Mimi na gofu wapi na wapi? Usizime. Mama Ndoo naye hakuwahi kucheza gofu hata siku moja. Alisema mchezo wa kukipiga kitu mbali halafu uanze kukitafuta mwenyewe haumwingii akilini. Alichokijua ni mpira. Aliujua mpira wa gofu kuliko watu wanaoulipia.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na minane, na mtoto mgongoni. Wakampa kazi ya kufuta mipira vumbi kabla ya kupakwa rangi. Kazi ya kuchosha, lakini yeye alikuwa na udadisi wa kuwasha. Saa ya chakula wenzake walikula, yeye aliubana mpira mbovu kwenye jiriwa, kile chuma cha mezani cha kubania vitu, akaukata kwa msumeno wa chuma, katikati, kama limau. Akatazama ndani. Kesho yake akakata mwingine. Nusu alizoziona nzuri alikwenda nazo nyumbani.

Binti yake, ambaye leo ni muuguzi, ameniambia hivi: "Kwa wenzangu dirishani kulikuwa na maua. Kwetu kulikuwa na mipira iliyokatwa nusu, imepangwa mstari. Mgeni akifika anauliza, hivi ni vitu gani? Mama hapo ndipo anapoanza, na chai inapoa."

Alianzaje? Alianza na kiini. Mpira wa gofu, wasikilizaji wapendwa, una kiini cha raba. Kikiwa laini, mpira unabonyea unapopigwa, na mkono unapokea kitu cha upole. Kikiwa kigumu, mkono unajua umegonga kitu. Mpira wa kawaida una vitu viwili tu, kiini kikubwa na ganda gumu. Huo unakwenda mbali na haukwaruziki upesi. Mpira wa ghali una tabaka jingine katikati, na juu yake ganda laini, jembamba. Huo ukishuka karibu na shimo unashika majani na kusimama. Mama Ndoo alimaliza kwa sentensi moja: "Ganda gumu linakupa mbio, ganda laini linakupa breki."

Na vile vishimo vya juu? "Usidhani ni urembo," alikuwa akimwambia binti yake. "Ukiufanya huu mpira uwe laini kama yai, utafika nusu ya safari na kuanguka. Vishimo ndivyo vinavyoushikilia hewani."

Baada ya miaka tisa ya kufuta vumbi, wakampandisha meza ya upimaji. Hapo palikuwa na mashine ya kubana mpira na kutoa namba. Aliitumia. Lakini pembeni aliweka kipande cha jiwe la sakafu, na katika kila fungu la mipira alichukua michache akaidondosha juu ya jiwe, akasikiliza. Du. Ko. Du. Alisema mchezaji anadhani anauhisi mpira kwa mkono, kumbe nusu ya hisia hiyo inaingia kwa sikio. Wenzake walimcheka. Walisema anaongea na mipira.

Sasa tufike penyewe. Ulikuwa mwaka wake wa ishirini kazini. Kiwanda kilipata agizo kubwa kuliko yote: mipira elfu arobaini, ya ghali, ya matabaka matatu, kwa ajili ya mashindano makubwa ya ng'ambo. Elfu arobaini, kwa wiki sita. Mitambo ilikimbizwa, watu wakakimbizwa, hata chai ikanywewa kwa kusimama. Kazi ya Mama Ndoo ilikuwa kugonga muhuri wa mpimaji kwenye kila kreti. Bila muhuri wake, kreti haitoki.

Siku moja asubuhi alidondosha mpira mmoja juu ya jiwe mara tatu. Ukatoa sauti mbili. Mara ya kwanza du, mara ya pili ko, mara ya tatu du. Mpira mmoja! Akachukua mwingine. Vilevile. Mashine ilitoa namba nzuri, haikuwa na neno. Lakini sikio lake lilikataa.

Akaenda jikoni kwa mpishi, akachukua kilo mbili za chumvi. Siku hiyo kiwanda kizima kilikula chakula chapwa, na mpishi hakumsamehe mpaka anastaafu. Akaimwaga chumvi katika ndoo ya maji iliyojaa nusu, akakoroga. Kwenye maji matupu mpira wa gofu unazama. Kwenye maji ya chumvi nyingi unaelea. Na ukielea, unajigeuza wenyewe: upande mzito unashuka chini, upande mwepesi unatazama juu. Ukiutia alama ya kalamu hapo juu, ukauzungusha, na alama ikarudi palepale kila mara, basi kiini hakiko katikati. Mpira mzuri unasimama popote. Mpira mbovu unarudi palepale.

Alipima ishirini. Kumi na mmoja ilirudi palepale.

Akabeba ndoo yake mpaka ofisini kwa meneja. Meneja alikuwa mtu wa gofu hasa. Ofisini alikuwa na zulia refu la kijani lenye kishimo mwishoni, la kujifunzia kusukuma mpira taratibu. Alimsikiliza mama wa watu huku akicheka.

"Mama, wewe hujashika fimbo hata siku moja. Leo unanifundisha mimi mpira?"

"Ni kweli, bosi. Wewe unaujua ukiwa majanini. Mimi naujua ukiwa tumboni."

Fundi wa mitambo alikuwapo. Ndiye aliyenisimulia, na anasema dirishani palikuwa pamejaa vichwa vya wafanyakazi. Mama Ndoo alimwambia meneja achague mwenyewe mipira kumi kutoka kreti yoyote. Akachagua. Mama Ndoo akaiweka ielee ndoani mmoja mmoja, akatia nukta nyekundu upande wa juu. Halafu akapiga magoti, akauweka wa kwanza juu ya zulia, nukta ikitazama kulia.

"Sukuma, bosi. Utakwenda kushoto."

Meneja akasukuma. Ukaenda kushoto. "Nimeupiga vibaya," akasema.

Mama Ndoo akaweka wa pili, nukta ikitazama kushoto. "Huu kulia." Ukaenda kulia. Wa tatu alisema ni mzima. Ukaingia shimoni moja kwa moja. Wa nne, kushoto. Wa tano, mzima. Wa sita, kulia. Meneja alianza kutoa jasho. Vichwa vya dirishani vilianza kucheka, halafu vikaacha, maana uso wa bosi ulikuwa umebadilika. Mipira kumi. Sita mibovu, minne mizima, na yote ilikwenda alikosema yule mama asiyejua kushika fimbo.

Hapa sikilizeni vizuri. Meneja aliegemeza fimbo ukutani. Hakubisha tena. Alisema, "Mchezaji wa kawaida hatagundua."

Mama Ndoo akasema, "Mimi nimegundua."

"Gonga muhuri, au vua aproni."

Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Mumewe alikwishafariki. Nyumba nzima ilisimama juu ya aproni hiyo. Mama Ndoo akaivua. Akaikunja mara nne, bila haraka, akaiweka juu ya zulia la kijani, palepale kwenye kishimo. Akainua ndoo yake akatoka. Getini mlinzi akamsimamisha, akauliza ndani ya ndoo kuna nini.

"Onja," akamwambia.

Mlinzi akachovya kidole, akaonja, akatema. Mama wa watu akapita.

Kuanzia hapo ndipo wakamwita Mama Ndoo, na walimaanisha mwendawazimu aliyemwaga unga kwa sababu ya ndoo ya maji ya chumvi. Meneja alisaini mzigo kwa mkono wake mwenyewe. Mipira elfu arobaini ikaondoka.

Alikaa nyumbani miezi saba. Saba. Alikuwa akifua mashuka ya zahanati. Mdogo wake wa kiume alikwenda kumsihi: "Dada, rudi kazini, ugonge muhuri wanapotaka, yaishe. Mpira ni mpira."

"Haya," akamjibu, "nenda duka la dawa ukamwambie muuzaji dawa ni dawa, akupe yoyote."

Binti yake aliacha chuo kwa muhula mmoja. Hanifichi. "Nilimchukia," anasema. "Nilimwambia, mama, umeniuza kwa ajili ya matajiri wanaosukuma mpira majanini. Hakunijibu kwa hasira. Alisema, muhuri ule una jina langu. Siku utakapokuwa na sindano mkononi, utanielewa. Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa wodini, miaka miwili baadaye, daktari mmoja aliponiambia nisiandike nilichokiona. Nikaandika."

Mwezi wa nne, makreti yakaanza kurudi. Wachezaji wa kawaida walikuwa wamegundua. Mwezi wa saba, fundi wa mitambo alibisha hodi kwa Mama Ndoo, katumwa na wakubwa.

"Dada, wanasema urudi."

"Pini mmebadilisha?"

Fundi akaangalia chini. Niwaeleze. Ndani ya kalibu, yaani lile umbo la chuma la kuundia mpira, kiini kinashikiliwa na pini ndogo ndogo kikae katikati, wakati ganda la moto likimiminwa kukizunguka. Ganda likianza kushika, pini zinachomoka. Zile pini zilikuwa zimelika kwa uzee. Na kwa haraka ya lile agizo, zilikuwa zinachomolewa sekunde nne mapema. Sekunde nne! Kiini kikawa kinahama, ganda nene huku, jembamba kule. Fundi alijua. "Nilijua tangu siku ya kwanza," ameniambia hapa studio. "Niliogopa. Nilimwacha mwanamke asimame peke yake pale ofisini, na mimi nimesimama naye chumba kimoja."

"Pini mmebadilisha?" Mama Ndoo akauliza tena.

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Akafunga mlango. Baada ya wiki mbili fundi alirudi na mfuko, akazimwaga mezani kwake pini kuukuu zilizong'olewa, zote. Mama Ndoo akazikagua moja moja. Kisha akatoa masharti mawili. La kwanza, sekunde nne zirudi. La pili, mpimaji yeyote, hata aliyeanza jana, awe na haki ya kuusimamisha mtambo bila kumwomba mtu ruhusa, na iandikwe. Ikaandikwa. Mpaka leo iko ukutani, juu ya meza ya upimaji.

Alirudi, akafanya kazi miaka mingine kumi na mmoja. Meneja alikwishahamishwa. Je, kuna mtu aliyemwomba radhi? Hakuna. Narudia, wasikilizaji wapendwa: hakuna.

Sasa nina barua hapa mkononi. Imetoka kiwandani, na nimeombwa niisome hewani. Inasema marehemu alikuwa mfanyakazi mnyenyekevu na mtiifu kwa viongozi wake. Nilimsomea binti yake kwa simu. Akacheka, kicheko cha mtu aliyelia siku tano. "Mtiifu? Labda wamekosea msiba."

Kwa hiyo barua hiyo sitaisoma. Watanisamehe, na wasiponisamehe nitaishi.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wajukuu wawili, na kwa wote walioketi naye meza ya upimaji, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole kutoka moyoni. Mmeondokewa na mtu mzito. Lieni, mna haki. Na wewe unayenisikiliza, kesho utaingia kazini kwako, na pengine itawekwa mbele yako karatasi usiyoiamini. Mtu atakwambia hakuna atakayegundua. Sikuambii ufanye nini. Nakuuliza tu utamjibu nini.

Jambo la mwisho. Kiwanda kimesema hakiwezi kuwaruhusu wafanyakazi kwenda mazikoni, kazi ni nyingi. Jana jioni alinipigia simu msichana anayekaa meza ile ya upimaji sasa. Ana miezi mitatu tu kazini. Alisema, "Waambie watu, kesho saa nne asubuhi, saa ya kumzika, nausimamisha mtambo. Sijaomba ruhusa."

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnaoishi karibu na kiwanda kile mnaujua ule mvumo wake, hausimami usiku wala mchana. Kesho saa nne, zimeni redio, hata kama ni mimi ninayeongea. Fungueni madirisha, msikilize.